Roboti Iliyoshindwa na Jua la Mbeya

Miongoni mwa fedheha zinazoweza kuipata timu ya wanafunzi katika mashindano ya roboti, iliyo nzito kuliko zote si kuiona roboti ikigoma kuwaka, kwa kuwa iliyogoma huonewa huruma kama mgonjwa, bali ni kuiona ikiwaka vizuri, ikaacha njia mbele ya ukumbi uliojaa, ikaenda kujificha chini ya meza ya majaji na huko ikawasha taa ya kijani kutangaza kwamba imemaliza. Fedheha hiyo iliwapata wanafunzi kutoka Ruaha Mbuyuni katika mashindano ya kanda jijini Mbeya, na kwa kuwa haijapoa bado, hasa kwa mwalimu mlezi, ambaye mwandishi wa makala haya anamfahamu kwa karibu kuliko angependa, inafaa ichunguzwe kwa utulivu wa kitaaluma.

Roboti iliyohusika ni ya aina ya mfuata-mstari, yaani kigari chenye mota mbili ambacho kazi yake yote duniani ni kufuata utepe mweusi uliobandikwa juu ya turubai jeupe. Ili kiuone utepe huo, hupewa vihisi, navyo ni vifaa vinavyogeuza hali ya nje kuwa umeme unaoweza kupimwa. Na kigari cha Mbuyuni kilikuwa navyo vitano, vimepangwa mbele, milimita chache kutoka sakafuni, kama meno ya reki. Kila kihisi kina taa ndogo kama punje ya mchele inayotoa mwanga wa infraredi, mwanga ulio nje ya wekundu wa upinde wa mvua na usioonekana kwa macho ya binadamu, na pembeni yake kuna kipokezi kinachosubiri mwanga huo urudi. Weupe huurudisha, weusi huumeza. Bodi ya Arduino, ambayo ndiyo ubongo wa kigari, na ambayo jina lake, kwa wanaopenda kujua, lilitokana na baa ya mji wa Ivrea nchini Italia, ambako bodi hiyo ilizaliwa mwaka 2005, hupima umeme wa kila kipokezi na kuutafsiri kuwa namba kati ya 0 na 1023. Katika roboti hii namba ndogo ilimaanisha weupe na kubwa weusi. Kihisi cha kushoto kikiona weusi, mota ya kushoto hupunguzwa kasi na kigari hukata kushoto; cha kulia vivyo hivyo. Vyote vitano vikiona weusi kwa pamoja, basi kigari kimefika kwenye ukanda mpana wa mwisho wa safari, kisimame na kiwashe taa ya kijani. Vyote vikiona weupe, kimepotea, kizunguke kwa duara linalopanuka mpaka kiuone tena utepe. Uzuri wa mpango huu, ambao mtu akikesha nao usiku mmoja hupata tabu kuuacha, ni kwamba kinachoonekana kuwa akili ni sentensi chache tu za kama hivi, fanya vile.

Kasoro yake ni kwamba jua nalo hutoa infraredi, tena kwa ukarimu ambao hakuna punje ya mchele inayoweza kushindana nao. Likipiga sakafu, kipokezi hujazwa mwanga usio wake, namba zote hushuka, na utepe mweusi husomeka kuwa mweupe. Mtu angetarajia watu wa Ruaha Mbuyuni, bondeni kwa mibuyu na vitunguu, ambako jua ndicho kitu pekee kisichowahi kupanda bei, wawe wa kwanza kulijua hilo. Lakini ni joto hilohilo lililofanya mazoezi yote yafanyike usiku, darasani, chini ya balbu moja, hata roboti ikakua kama mwali aliyefungiwa ndani. Asubuhi ya mashindano Mbeya ilikuwa na ukungu. Wanafunzi waliokuja bila sweta walitetemeka, roboti ikajaribiwa saa moja na nusu ikamaliza njia bila kosa, na mwalimu mlezi akasikika akiahidi soda.

Zamu ilifika saa tatu na nusu, ukungu umekwisha, na madirisha ya mashariki yametandaza miraba ya jua juu ya turubai. Roboti ilifuata utepe kwa kiasi cha mita moja, ikaingia kwenye mraba wa kwanza, ikaona dunia nzima imekuwa nyeupe, ikaanza kuzunguka. Duara lilipanuka likatoka nje ya turubai, likaendelea kwenye vigae vyeupe vya ukumbi, watazamaji wakainua miguu kama wanaopitiwa na panya, mpaka kigari kikafika kivulini, kwenye pindo la kitambaa cheusi cha meza ya majaji lililoburuta sakafuni. Macho yote matano yaliona weusi mtupu. Kikasimama. Taa ya kijani ikawaka. Neno roboti lilienea kutokana na tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, likitoholewa kutoka neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa, na mtu wa shokoa akiambiwa asimame penye weusi husimama, haulizi ni weusi wa nini.

Kinachouma kwa namna nyingine ni mahojiano yaliyofuata, yaliyobeba sehemu kubwa ya alama. Msichana wa kidato cha pili aliyeandika programu yote alikuwa ameshaiona miraba ya jua na ameshaelewa, naye akaanza, "Shikamooni. Jua limejaa kwenye vipokezi, ndiyo maana," akakatizwa na kutakiwa atumie lugha ya mashindano, ambayo ni Kiingereza. Majaji wote watatu walikuwa Watanzania, na muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wakilalamikia chai isiyo na tangawizi kwa Kiswahili kisicho na doa. Mtoto aliyesomeshwa miaka saba ya msingi kwa lugha moja, kisha akabadilishiwa lugha mlangoni mwa sekondari, alitafuta neno la kipokezi, hakulipata, akatazama viatu vyake, na jaji akaandika kitu kifupi kwenye fomu. Hapa hakuna cha kuchekesha, wala hakitafutwi.

Mengine ni madogo. Wakati wa kwenda, boksi la roboti lilipoinuliwa kupitishwa dirishani mwa basi, abiria mmoja alitoa noti na kuuliza, "Mdogo wangu, vitunguu hivyo kiasi gani?" Wakati wa kurudi, lori lilikwama kwenye kona za mlima Kitonga likaziba barabara, na timu ikalala njiani. Katika mashindano ya dunia ya roboti ya mwaka 2017 mjini Washington, vijana sita wa Burundi walitoweka na wawili wao wakaonekana wakivuka mpaka kuingia Kanada. Kutoka timu ya Mbuyuni ilitoweka pakiti moja tu ya skrubu, na haijulikani ilivuka mpaka gani.

Tiba ya jua, kama msichana yuleyule alivyoeleza pale Kitonga kwa Kiswahili na kwa kirefu, ni mbili: kuvifunika vihisi kwa kofia ya boksi lililopakwa masizi, na kupima mara mbili, taa ikiwa imewaka na ikiwa imezimwa, kisha kutoa kipimo cha pili katika cha kwanza ili mwanga wa jua ujifute wenyewe. Jumamosi iliyofuata utepe ulibandikwa kwenye turubai uwanjani Ruaha Mbuyuni, saa saba mchana, na roboti ikamaliza mizunguko mitatu bila kupotea, mbele ya muuza vitunguu mmoja aliyetazama mpaka mwisho, kisha akauliza kama inaweza kubeba gunia.