Mahujaji wa Makoti

Julai hii watoto wa Lupepo, Rungwe, waliohamia Dar es Salaam wamepanda na makoti mazito, utadhani wanakwenda Sergiev Posad kuzuru makanisa kwenye theluji ya Warusi. Kumbe ni Rungwe Misheni tu, waliyoianzisha Wamoravian mwaka 1891. Ziara yenyewe? Picha kumi wakiwa na moshi mdomoni, moja ya kanisa, tena limekatwa paa. Kisha ndani ya gari, hita inaunguruma, wanaulizana kitimoto kiko wapi. Theodor Meyer, mmisionari Mjerumani wa misheni hiyo, alikaa kwenye baridi hiyo hiyo bila hita, akajifunza Kinyakyusa, lugha ya wenyeji. Hawa wetu, bibi akiwasalimu “Ugonile”, wanamgeukia dereva awatafsirie. Dereva mwenyewe Mzaramo.