Boga Lenye Meno Laja Gisenyi

Mafunzo ya mapambo ya Halloween huanzia kwenye boga: kata kifuniko, komba nyama, toboa macho na meno, washa mshumaa ndani. Waairishi walichonga tanipu; walipohamia Marekani wakakuta boga ni jepesi zaidi kuchonga. Sawa. Ila mwambie mama wa Gisenyi, Rwanda, kwamba ganda ndilo mali na nyama ni takataka, wakati maharagwe yako jikoni yanalisubiri boga!

Hufuata mzimu wa mfuko mweupe wa plastiki. Huo usijaribu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, kwa hiyo mzimu utanyang'anywa mpakani kabla haujamtisha mtoto hata mmoja.

Majani makavu ya msimu nayo? Oktoba ni mvua, migomba imeshiba kijani. Tena mwaka 2026 Halloween, tarehe 31, inaangukia Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Utando bandia wa buibui utakutana na mafagio ya mtaa mzima.

Vitisho vyenyewe mji hauna upungufu navyo. Ng'ambo ya mpaka, Kongo, kuna Nyiragongo, volkano ambayo masimulizi ya kale ya Wanyarwanda yanasema roho mbaya hutupwa humo. Ililipuka Mei 22, 2021. Matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba za Rubavu, wilaya ya Gisenyi. Ziwa Kivu nalo limeficha methani kilindini. Anayetaka kushindana na hayo kwa popo wa karatasi, mkasi na gundi vinauzwa dukani.