Msimwamshe Chefu

Kila msimu wa tathmini hawakosi watu wa kutuhubiria kwamba kiongozi bora ni yule anayejijua: anafahamu kinachomkasirisha, anafahamu sauti yake ikipanda watu hunywea, anafahamu kikao kilipoharibika ni yeye aliyekiharibu. Sisi tunaofanya kazi za posho katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tunaomba kutofautiana nao. Tunaye mkuu wa mradi asiyejijua hata chembe, na hatuko tayari kubadilishiwa.

Nianze na umoja. Nakivale ilianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo vita na misukosuko ya nchi nyingine imetuongezea watu na lugha zao: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Kuwakubalisha wote hawa jambo moja si mchezo. Foleni ya maji peke yake yatosha kuvunja undugu. Lakini mtaje mkuu wetu huyo, Chefu kama Wakongomani wanavyomwita, mbele ya duka la Msomali au penye moto wa Mrundi anayechoma mahindi, usikie kicheko kilekile. Mashirika hutenga bajeti kubwa kwa ajili ya maelewano ya jamii. Yeye huyaleta kwa kushuka tu garini.

Gari hilo hutoka Mbarara asubuhi, na likifika Kabingo dereva hutupigia simu. Basi tunapata muda wa kutosha. Vidumu vilivyopangwa bombani tangu alfajiri vinahamishiwa nyuma ya nyumba, kina mama wanaombwa wakae kivulini kidogo, mlinzi anatafuta kofia yake. Chefu akifika hukuta bomba halina mtu, huandika daftarini kwamba tatizo la maji limekwisha, na likishaandikwa limekwisha. Mafundi wangapi wamemaliza tatizo la maji bila kushika spana? Akiondoka vidumu vinarudi kwenye foleni, na ugomvi wa nani alikuwa mbele ya nani unaanza upya, lakini hayo hayamo daftarini.

Wahenga walimsimanga nyani kwa kutoliona kundule. Hawakutueleza angelifanyia nini kama angeliona.

Mimi ni mkalimani wake, kwa hiyo nina deni la pekee. Mwaka 2023, Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ulipozigawa kaya za wakimbizi Uganda katika makundi matatu kulingana na uhitaji, na kundi la tatu likaondolewa kabisa kwenye mgao, Chefu aliona watu wana huzuni. Shirika letu haligawi hata punje, lakini aliitisha mkutano ili awafariji. Akasimama chini ya turubai, akawaeleza kwamba njaa anaifahamu vizuri sana, kwa sababu daktari amemwamuru apunguze uzito na sasa ni wiki ya pili hali chakula cha usiku. Alizungumza kwa hisia. Alieleza hata jinsi harufu ya matoke ya jirani inavyomtesa saa mbili usiku. Alipomaliza, watu wote walinigeukia mimi.

“Anasema pole,” nikatafsiri.

Wakapiga makofi. Yeye aliniambia baadaye kwamba amegundua Kiswahili ni lugha ya mkato sana.

Kuna sanduku la maoni pia, maana wafadhili wanalitaka. Liko ukutani, hatua moja kutoka mlango wa ofisi yake, juu kidogo ya kichwa cha mlinzi, na ufunguo anao yeye mwenyewe ili siri za watu zisivuje. Hufunguliwa kila mwisho wa mwezi mbele ya mashahidi na kukutwa tupu. Nimeshuhudia furaha yake siku hizo. Vijana wanaohamasisha usafi na kugawa sabuni, ambao mikataba yao husainiwa upya na mkono uleule ulioshika ufunguo, nao hufurahi.

Makao makuu, kwa sababu wanazozijua wao, waliamua apelekwe kwenye mafunzo ya kujitambua, katika hoteli moja mjini Mbarara. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kama mimi kutembea nchini, naye akaniruhusu kumbebea makabrasha. Mkufunzi alichora ubaoni lile dirisha la vyumba vinne walilolibuni Joseph Luft na Harrington Ingham, wanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1955. Chumba kimoja ni cha mambo ambayo wenzako wanayaona kwako na wewe huyaoni. Washiriki wakaambiwa wajaze. Chefu alijaza vyumba vitatu kwa mwandiko mzuri, hiki akakiacha wazi. Alipoulizwa, alijibu kwamba alitafuta kwa uaminifu na hakupata kitu.

Kisha ukatajwa utafiti wa mwanasaikolojia Tasha Eurich: watu 95 katika kila 100 huamini kwamba wanajijua, wakati wanaojijua kweli ni kati ya 10 na 15 tu, na wenye vyeo vikubwa ndio huelekea zaidi kujipa alama wasizostahili. Chefu alisikitika mno. Wakati wa chai alininong'oneza kwamba siku zote alihisi wakuu wa mashirika mengine wana shida, ila hakujua imefikia kiwango hicho.

Alirudi na cheti, akakitundika juu ya sanduku la maoni.

Sasa mkataba wake unakaribia kwisha, na tumesikia kwamba anayetajwa kumrithi ni mama mmoja ambaye huja bila dereva kupiga simu, hukaa foleni na kidumu chake, tena anakijua Kiswahili. Mtu wa namna hiyo atauliza mafuta ya jenereta yalikwenda wapi. Atauliza kwa nini orodha ya mahudhurio ina saini nyingi kuliko viti. Tukaandika barua haraka kwenda makao makuu, tukimwombea Chefu aongezewe muda. Tukamtaja kuwa mchapakazi, msikivu, mpenda watu. Kwa heshima tulimpitishia aione kwanza. Aliisoma taratibu, akasema ni barua ya haki, ila kuna sifa moja tumeisahau, akachomoa kalamu na kuongeza kwa herufi kubwa: MNYENYEKEVU.