YAH: OMBI LA KUSAJILIWA KAMA CHOMBO CHA MOTO

Kwa Mamlaka yenye dhamana ya usafiri wa abiria,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni abiria wa daladala jijini Dar es Salaam, daraja la kushika bomba. Naomba kupewa namba ya usajili, stika ya ukaguzi na bima, kwa sababu zifuatazo.

Kwanza, gari likienda kilomita 50 kwa saa, nami naenda 50. Siuhisi mwendo huo kwa kuwa humo ndani wote tunakwenda sawa: konda anapita katikati akikusanya nauli kama yuko sebuleni kwake, na sarafu ikimponyoka inaangukia miguuni pake, wala hairuki nyuma kumfuata aliyeshuka. Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1632 kwa mfano wa chumba cha ndani ya merikebu. Hakuwahi kupanda daladala, ndiyo maana aliandika kwa utulivu.

Pili, bodaboda ikikatiza na dereva akakanyaga breki, linalosimama ni gari. Mimi sijakanyagiwa chochote. Kwa sheria aliyoichapisha Newton mwaka 1687, naendelea na 50 zangu mpaka kitu kinizuie. Bomba huzuia mkono. Kiwiliwili huzuiwa na kisogo cha mwenzangu. Kwa ajili yake, nipeni walau bima ndogo.

Tatu, mtoto. Konda akisema "mpakate", huyo hahesabiwi tena. Lakini gari la mwendo huo wa 50 likigonga na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 20 huchomoka mikononi mwa mama yake kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 280 hivi. Nawasihi habari hii isimfikie konda, asije akadai nauli ya watu wanne.

Najua mtauliza breki zangu ziko wapi. Za waliokaa ni mkanda wa kitambaa, upana wa vidole vitatu, uliotoka na gari kiwandani. Sasa umefungwa fundo chini ya kava la siti usije ukasumbua abiria. Za sisi tuliosimama hazikutengenezwa, kwani kiwanda hakikujua kama tupo.

Ada ya usajili nitalipa nikishuka. Kwa sasa mikono yote miwili iko kazini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Abiria