Kafyu Iliondoka, Nyama Haijarudi

Oktoba 20, 2021, Sikukuu ya Mashujaa, Rais Uhuru Kenyatta aliondoa kafyu, na mtaa mzima Nairobi ukapiga mayowe. Mama Watoto aliendelea kuchambua maharagwe.

"Hiyo ni ya serikali," akasema.

Ya nyumbani ingalipo. Korona ilipobisha tuliafikiana, kwa muda tu, kwamba nyama iwe ya Jumapili. Mwajiri wangu naye akakata mshahara kwa muda tu. Aliyetimiza ahadi ni mtoza ushuru peke yake. VAT ilishushwa Aprili 2020 kutoka asilimia 16 hadi 14, na Januari 1, 2021 ikarudi palepale, haikuchelewa hata kwa mkesha wa mwaka mpya. Nimegundua kuwa muda wa nafuu huwa na tarehe ya kuisha. Muda wa maharagwe hauna.

Gesi ndiyo usiseme. Julai 2021 iliwekewa VAT ya asilimia 16, na mtungi wetu ukapanda cheo: kazi yake siku hizi ni chai, na mayai mgeni akija. VAT yenyewe imekwisha ondolewa, lakini nani amwambie Mama Watoto? Githeri huchemshiwa jiko la makaa kwenye roshani. Kwa kuwa mwenye nyumba hataki moshi, tunapika usiku wa manane kama wagema wa chang'aa, na mimi, mtu mwenye tai na kitambulisho cha ofisi, ndiye mpepea moto.

Karo nayo! Shule zilipofunguliwa, mihula ilifupishwa kufidia muda uliopotea. Karo ya wanangu ilibaki na urefu wake.

Kinyozi nilishaachishwa zamani. Mashine ilinunuliwa, na ofisini wananiuliza nimefiwa na nani. Kifungua mimba wetu, aliyejifunza kubana matumizi kabla ya kujua kugawanya, huzima hita ya maji nikiwa bado na povu kichwani.

Juzi nikajipa moyo, nikaomba angalau matumbo ya Jumatano. Mama Watoto akasema ombi litapelekwa kwa kamati. Nikauliza kamati hiyo hukutana lini.

"Ilikutana jana ukiwa kazini. Tulikuwa tunajadili sukari yako."