Mbeba Mzigo Hana Sanamu

Mtu wa Ndandalo, Kyela, ukifika Posta, Dar es Salaam, usiache kumsalimia Askari wa shaba. Tangu 1927 yuko katikati ya barabara, singe kaielekeza bandarini, na hakuna trafiki aliyethubutu kumhamisha. Kabla yake alisimama Hermann von Wissmann, yule ambaye Wajerumani waliipa jina lake meli yao ya Ziwa Nyasa. Agosti 1914 Waingereza waliipiga mizinga meli hiyo pale Liuli, nahodha wake hata hajaambiwa kuwa vita imeanza. Walipoiteka Dar, 1916, wakang'oa na sanamu ya Wissmann.

Na wapagazi, waliobeba risasi na chakula cha majeshi mpaka wakafa kwa maelfu? Wametajwa kwenye maandishi yaliyo chini ya Askari, kwa jumla. Shaba ni ghali, bwana.

Usinung'unike. Utaratibu huo wa kumsahau mbeba mzigo tumeurithi, tena tumeutunza kuliko jengo lolote la Mjerumani. Pita soko la Tandale: gunia hata likivunwa kwingine litaitwa mchele wa Kyela. Jina letu limeshafika mjini; bei ndiyo ingali njiani.