Nyuma Geuka ya Dindira

Tope la Dindira halitoki kwa sabuni ya mche. Limefuliwa mara mbili, likasuguliwa kwa brashi, likaanikwa juani, na bado suruali ya mwandishi wa makala hii ina duara jekundu mahali ambapo mtu mzima hapaswi kuwa na duara la aina yoyote.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu, nje ya kibanda cha chai, mashamba ya chai yakiwa yameshuka bondeni mpaka macho yanapoishia. Wazee wanne waliowahi kuvaa magwanda walikuwa kwenye benchi. Mwandishi alikuwa amepanda kutoka Korogwe kuwasikiliza wakisimulia maisha ya kambini ya enzi zao, na kwa kutaka kuchangamsha baraza akatamka sentensi ambayo sasa angelipa nauli ya kwenda na kurudi ili aimeze: "Lakini wazee wangu, kwata si kutembea tu?"

Benchi likanyamaza. Koplo mstaafu, aliyefunga vifungo vya koti mpaka kooni, akaweka kikombe chake chini taratibu.

"Simama pale, mwanangu. Kikombe kaa nacho."

Mwandishi akasimama ukingoni mwa mfereji, chai mkononi, tabasamu usoni.

"Nyumaaaa..."

Mwandishi akageuka.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, kwani hakuna aliyekuwa amemwambia ageuke. Kosa la pili, aligeukia kushoto. La tatu lilimaliziwa na udongo wenyewe: mguu mmoja ulibaki Dindira, wa pili ukashika njia ya Bungu, naye akaketi mferejini, kikombe kikiwa wima na chai yote ikiwa kifuani. Wazee hawakucheka. Hapo ndipo palipouma. Koplo alingoja matone ya chai yaishe, kisha akamalizia kazi yake kwa sauti ya mlango unaobamizwa:

"...geuka!"

Ndipo wakacheka, mpaka mmoja akaomba ashikiliwe.

Amri ya kijeshi ina vipande viwili, na koplo alivichora ardhini kwa kijiti huku mwanafunzi wake akijikamua shati. Kipande cha kwanza ni tahadhari: huvutwa kama kamba, ili askari wa mwisho mstarini akisikie na akielewe. Kipande cha pili ni utendaji: hupasuka. Katikati kuna kimya cha pumzi moja, na kimya hicho, alisema koplo, ndilo jeshi lenyewe. Watu mia moja wanajua wanachotakiwa kufanya, na hakuna hata mmoja anayekifanya. Anayetikisika kwenye "nyuma" ana kosa sawa na yule aliyeganda kwenye "geuka".

Sasa tazama jambo ambalo mwandishi, anayekula kwa kuandika Kiswahili, alikuwa hajaliona mpaka alipokalia tope. Mtaani tunasema "geuka nyuma", "geuka kulia", "tembea mbele". Kitenzi kinatangulia, hata mtoto wa miaka miwili anajua. Kambini sentensi imepinduliwa: nyuma geuka, kulia geuka, mbele tembea. Si ushairi wala mbwembwe. Ukimwambia mtu "geuka kulia", mwili wake unaanza kuzunguka kwenye "geuka", kabla hajajua aende wapi. Mpange mstarini na wenzake mia, kila mmoja na bunduki begani, uone watakavyogongana. Kwa hiyo mwelekeo unatangulia, kitenzi kinawekwa akiba mpaka mwisho. Sarufi nzima imeamriwa nyuma geuka, ikatii.

Na kugeuka kwenyewe kuna ufundi wake. Uzito unakaa kwenye kisigino cha mguu wa kulia na vidole vya mguu wa kushoto. Magoti yamenyooka, mikono imebanwa mapajani, mwili unazunguka nyuzi 180 kwa kupitia kulia, daima kulia, kisha mguu wa kushoto unanyanyuliwa na kupigwa chini kando ya mwenzake. Upande ni mmoja kwa wote ili bega lifuate bega. Atakayepitia kushoto atakutana na jirani yake pua kwa pua. Koplo, mwenye zaidi ya miaka 70 na mabuti ya mpira, akaokota kikombe chake na kuonyesha palepale, kwenye tope lilelile. Alizunguka kama mlango uliotiwa mafuta bawabani. Chai yake haikutikisika. Mwandishi aliitazama ile chai kwa wivu mkubwa.

Maneno hayo yana umri. Jeshi la Keya, yaani King's African Rifles, liliundwa mwaka 1902, na Kiswahili kikawa lugha ya kambini kwa watu waliotoka makabila yasiyosikilizana. "Afande" ni mtoto wa "efendi" ya Kituruki, aliyefika kwetu kwa miguu ya askari wa Kisudani. Hata majina ya kambi yamewahi kugeuzwa. Ile ya Dar es Salaam iliitwa Colito, jina la uwanja wa vita wa Ethiopia ambako Keya walipigana mwaka 1941. Tarehe 20 Januari 1964 askari wakaasi humo, jeshi likavunjwa, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likazaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, na kambi ikaja kuitwa Lugalo, jina la mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa walilisambaratisha jeshi la Wajerumani chini ya Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Nyuma geuka safi kabisa, kwa kupitia kulia.

Mzee wa pili hakupitia jeshini bali Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na kambi aliyoililia ni Mgambo, kule Kabuku, Handeni, ambako joto ni la kutosha kumfanya Msambaa aukumbuke ukungu wa kwao kama mchumba. JKT ilianza tarehe 10 Julai 1963. Wasomi walipotakiwa kuingia kwa lazima waligoma: Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, kisha akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Baada ya hapo wasomi walikuja, miaka nenda miaka rudi, mpaka utaratibu ulipositishwa mwaka 1994. Mzee alikuwa mkufunzi aliyeishia darasa la saba, na furaha ya maisha yake ilikuwa kumkabidhi jembe mtu aliyemaliza kidato cha sita na kumwonyesha upande unaoshikwa.

Kuwasikiliza, ungedhani kambi ilikuwa harusi ya miaka mingi. Mchakamchaka saa kumi alfajiri, maharage yenye wadudu, blanketi linalokunjwa mpaka pembe zake ziweze kukata mkate, hanga zima kufyeka nyasi usiku kwa sababu kuruta mmoja kapiga chafya kwenye gwaride: vyote hivyo walivisimulia wakifuta machozi ya kicheko. Utaratibu wa JKT uliporejeshwa mwaka 2013 mwandishi alikuwa amekwishapita umri. Alianguka katikati ya pengo, na sasa akaanguka tena mferejini.

Mzee wa tatu alikuwa hacheki sana. Yeye alikwenda vita vya Kagera. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu alilitangazia taifa kwamba nduli Idi Amin wa Uganda atapigwa. Jeshi likapanuliwa mpaka likapita watu 150,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Nchi iliambiwa ifunge mikanda kwa miezi 18.

Siku alipoandikishwa, karani alikosea herufi moja ya jina lake, akaweka "r" palipostahili "l". Kuruta hamsahihishi afande. Akaitikia jina la mtu mwingine kwenye kila hesabu ya jioni, akavuka nalo mto Kagera, akarudi nalo. Miaka mingi baadaye, alipokwenda kwenye ofisi fulani kufuatilia haki yake, karatasi zikaonyesha watu wawili: mmoja aliyepigana, na mwingine aliyesimama dirishani na bahasha ya kaki. Ameshuka mlima mara tatu kwa nauli yake. Kila mara ameambiwa aende, ataitwa.

"Tahadhari nimeshapewa," alisema. "Nasubiri utendaji."

Wenzake walicheka kidogo, kwa adabu. Mwandishi alijaribu kucheka pia, akashindwa, kwa maana mbele yake alikuwa amekaa mtu aliyefundishwa na taifa lake asitikisike mpaka kitenzi kitamkwe, na kitenzi hakitamkwi. Jinsi ya kumgeuza ilijulikana kwa nyuzi na kisigino. Jinsi ya kusahihisha herufi moja haijulikani.

Mengine ya siku hiyo ni madogo. Mwandishi alimwita mzee wa nne, aliyekuwa sajenti, "koplo". Alikunja blanketi la kibandani, likafanana na sambusa. Alipiga saluti kwa mkono wenye kikombe.

Honi ya gari la Korogwe ikalia kwenye kona ya chini. Mwandishi akaaga kwa shikamoo nne, akachukua mkoba na kusimama barabarani, mgongo kwa benchi. Nyuma yake akasikia koo likisafishwa.

"Mbeleeee..."

Safari hii hakutikisika. Magoti yamenyooka, mikono mapajani, tope likikauka mahali pake. Konda alikuwa anapiga bodi ya gari kwa kiganja, abiria wanatazama. Alisubiri. Alipogeuza shingo, shingo tu, akamwona koplo amerudi kwenye kikombe chake, anaipuliza chai, na wazee watatu wanamwangalia waone atasimama pale mpaka saa ngapi.